Ami yangu kafanyiwa operesheni ya kongosho: hivi vile vitu wanavishona vipi tena?

MshonajiWaWete

Assalaam alaykum. Uzi mrefu huu. Mwenye haraka apite, mwenye nafasi atie chai kikombeni.

Mie fundi cherehani, Wete. Kanzu na majuba ndiyo riziki yangu, udaktari sinao hata wa kubahatisha. Ila miezi mitano nyuma nilimsindikiza ami yangu kwenye operesheni inayoitwa Whipple, na tangu turudi kila anayekuja kumjulia hali ananiuliza mimi, maana mwenyewe alikuwa kalala. Barazani kwetu imeshakuwa "operesheni ya wipa", kama wipa za gari. Basi niandike mara moja, atakayeuliza tena nimtumie hapa.

Ilianza kwa kujikuna. Msimu wa karafuu, hakuna aliyeshituka. Halafu mkojo ukawa kama chai ya rangi iliyolala, choo kikawa cheupe kama chokaa, na macho yakapiga manjano. Maumivu hana. Sehemu moja tulipewa dawa za malaria mara mbili, nyumbani nako wakaja na lao, kwamba mzee kafanyiwa uchawi kwa sababu ya shamba la urithi. Wiki tano zikaenda hivyo. Ultrasaundi ndiyo iliyosema mrija wa nyongo umefura kama mpira wa maji uliokanyagwa mbele. Tukavuka bahari, Unguja, kisha Dar, na CT skani ikaonyesha kinyama, yaani uvimbe, kwenye kichwa cha kongosho, palepale mrija unapopita.

Daktari mpasuaji akatuita, mimi na mtoto wake mkubwa, akaeleza atatoa nini na nini. Nikamuuliza la kifundi: "Daktari, ukishakata, unashona wapi na wapi?" Akanitizama, akauliza kazi yangu, nikamwambia. Akachukua karatasi ya maabara, akaigeuza nyuma, akachora. Karatasi ile ipo dukani, nimeibandika juu ya cherehani.

Wanatoa kongosho, wanatoa duodeni, yaani ule mwanzo wa utumbo unapotoka tumboni, mfuko wa nyongo, kipande cha chini cha mrija wa nyongo, na mara nyengine ncha ya tumbo lenyewe. Nikauliza, vyote hivyo kwa kinyama kisichozidi tende? Akasema kichwa cha kongosho na duodeni wanakula sahani moja. Mishipa ya damu ni hiyo hiyo. Ukikata riziki ya mmoja, mwenzake anaoza.

Hapo sasa zinabaki ncha tatu hazina pa kwenda: kongosho lenye maji yake, mrija wa nyongo unaotoka ini, na tumbo lenye chakula. Anauvuta utumbo mwembamba kutoka chini, anaupenyeza kwenye tundu la kile kitambaa kinachoshikilia utumbo mpana, anaupandisha juu. Kisha anashona kwa kufuatana: kongosho kwanza, huko mwisho kabisa wa utumbo uliopandishwa. Nyongo chini yake, kama upana wa kiganja. Tumbo chini zaidi, nusu mita hivi. Nikamuuliza kwa nini tumbo lisishonwe juu, karibu. Akasema chakula kikishuka kikutane na nyongo na maji ya kongosho yakiwa yameshatangulia, na mishono ya juu isigongwe na chakula.

Kuchana nguo hata mtoto anachana. Alikaa mle ndani saa saba, na zile za mwisho zote zilikuwa za kurudishia.

DadaWodi

Wa alaykum salaam fundi. Nimesimama meza ya vyombo miaka mingi kabla ya kustaafu, na sijapata kusikia jamaa wa mgonjwa akaieleza hivi. Lakini nikutengeneze pamoja. Umeandika wanatoa kongosho, halafu ukaandika kongosho linashonwa. Watu watachanganyikiwa. Kinachotolewa ni kichwa chake. Shingo inakatwa, kiwiliwili na mkia vinabaki. Kongosho la mtu mzima lina urefu wa sentimita 15 hivi, limelala nyuma ya tumbo kama samaki, kichwa kimekumbatiwa na duodeni, mkia umeelekea bandama. Anayebaki na kiwiliwili na mkia ndiye mwenye matumaini ya kubaki na insulini yake.

Na kile kilichobaki tulikuwa tunakiita kisiki. Shida yote ya operesheni hii iko kwenye kisiki.

MshonajiWaWete

Ahsante dada, nimekosea kweli. Kwenye karatasi yenyewe kachora mkia umebaki.

MzeeWaKiembesamaki

Mimi swali langu fupi. Kama kisiki ndicho chenye taabu, kwa nini wasitoe lote wakapumzika?

DadaWodi

Babaangu, wanaweza, na kuna wagonjwa wanaofanyiwa hivyo. Mshono mmoja unapungua. Ila siku hiyo hiyo mtu anakuwa na kisukari cha moja kwa moja, sindano za insulini mpaka mwisho, na kisukari chenyewe kikorofi, leo sukari juu, kesho kaanguka msikitini. Daktari hachagui hivyo ila akiwa na sababu.

Sasa nirudi kwenye kisiki, na hili fundi litakufurahisha. Kongosho linatoa kama lita moja na nusu ya maji kwa siku, na kazi ya maji yale ni kumeng'enya nyama na mafuta. Sasa unakishona kitu ambacho chenyewe kinatoa dawa ya kuyeyusha nyama. Zamani uzi wa hospitali ulikuwa unatengenezwa kwa utumbo wa kondoo. Ni nyama ule. Walipoushonea huku, maji ya kongosho yakautafuna uzi, mshono ukaachia. Allen Whipple, aliyeipa operesheni jina lake, alikuwa daktari New York, na ripoti yake iliyotoka 1935 ndiyo iliyoitangaza. Yeye na wenzake waliuacha uzi ule wakahamia hariri. Na kisiki wakati ule walikuwa hawakiungi na utumbo, wanakifunga tu mdomo. Mwanzo walikuwa wakifanya kwa awamu mbili, leo wanapitisha nyongo, wiki kadhaa baadaye wanarudi kukata. Kabla yake Mjerumani, Kausch, alishaifanya Berlin mwaka 1909, lakini jina likabaki kwa Mmarekani.

Siku hizi uzi ni wa kiwandani, unayeyuka polepole kwa miezi, maji ya kongosho hayauwezi haraka. Kwenye mrija wa kongosho tunatumia namba yenye sifuri tano. Kwetu sifuri zikizidi uzi unazidi kuwa mwembamba. Huo wa sifuri tano ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita.

MshonajiWaWete

Sehemu moja ya kumi! Na mimi nalalamikia uzi wa kofia.

MwanaWaChukwani

Shikamoo dada nesi, shikamooni wakubwa. Mimi bado niko skuli ya udaktari, mwaka wa nne, niruhusuni niongeze. Kisiki kinaunganishwa kwa njia kuu tatu. Ya kwanza, mrija kwa ngozi ya ndani: unatoboa tundu dogo kwenye utumbo, unaushona ule mrija mdogo wa kongosho na utando wa ndani wa utumbo, halafu juu yake unapiga safu ya pili ya kushika nyama ya kongosho na ukuta wa nje wa utumbo. Ya pili, kuchomeka: unaufungua utumbo unakiingiza kisiki kizima ndani. Ya tatu, unaacha utumbo unakiunganisha kisiki na ukuta wa nyuma wa tumbo la chakula, kwani vimelala mgongo kwa mgongo. Halafu kuna Blumgart, ambaye nyuzi zake zinapita kongosho kutoka mbele mpaka nyuma kwa umbo la U ili utumbo ulikumbatie, na kuna Peng wa China anayelifunga kwa kulizungushia uzi kama mdomo wa gunia, na kuna wanaotenga utumbo wa peke yake kwa ajili ya kongosho, ule wa umbo la Y wa Roux, ili hata likivuja nyongo isiingie pale ikayaamsha yale maji, na

DadaWodi

Mwanangu, shuka ngazi taratibu, watu wanakula.

MwanaWaChukwani

Samahani dada 😅. Nilitaka kufika kwenye ipi bora. Ubelgiji walitoa matokeo 2013, waliounganishwa na tumbo walivuja asilimia 8, waliounganishwa na utumbo karibu 20. Kila mtu akasema basi, kesi imekwisha. Mwaka 2016 Wajerumani wakatoa yao kutoka hospitali 14: asilimia 20 kwa 22, yaani hakuna tofauti ya maana. Mwalimu wetu husema mshono bora ni ule ambao mkono wa daktari wako umeuzoea.

MshonajiWaWete

Huyo mwalimu ni fundi. Kwa lugha ya dukani: njia ya kwanza ni kushona kijitundu kwa kijitundu, kama jicho la kifungo, uzi juu ya uzi. Ya pili ni kama kutia mkono wa kanzu ndani ya bega lake ukashona kwa nje. Jicho la kifungo likikaa vizuri ni safi zaidi, lakini lahitaji tundu linaloonekana. Daktari wetu alisema mrija wa kongosho la ami ulikuwa umetanuka kwa sababu ulizibwa muda mrefu, milimita 6, akashukuru. Ukiwa chini ya 3, alisema, ni kutafuta jicho la sindano kwenye nyama iliyolowa.

BintiMicheweni

Nyie mnacheka, mie natetemeka. Mama yangu kapangiwa hiyo hiyo, wiki mbili zijazo. Kila nikiuliza naambiwa "itategemea kama itavuja". Inavuja vipi? Na nitajuaje?

DadaWodi

Pole mwanangu, na ukae karibu na mimi hapa.

Akitoka thieta atakuwa na mipira midogo ubavuni inayotoa maji ya ndani ya tumbo. Usiichukie, ndiyo macho yetu. Siku ya tatu yale maji yanapelekwa maabara kupimwa amilesi, kimeng'enya cha kongosho. Kipimo kikizidi mara tatu ya kiwango cha juu cha kawaida cha damu, ujue kongosho linadondosha. Kama mtu hana homa, anakula, hana dalili, hiyo madaktari tangu 2016 hawaiiti tena fistula (mshono unaovuja ukaleta madhara), wanaiita mvujo wa maabara tu, unaisha wenyewe. Ikibidi mipira ibaki zaidi ya wiki tatu, au waingize mpira mwengine, au ije homa inayotaka dawa kali, hiyo ni fistula ya kweli. Ya mwisho kabisa ni ile ya kurudishwa thieta au viungo vyengine kuanza kuchoka.

Na hapa pana jambo linaloshangaza. Kongosho la mgonjwa wa muda mrefu limekuwa gumu, linashika sindano. Kongosho zima, laini, la mtu ambaye kinyama chake kilikuwa kwingine, ndilo linalovuja. Uzi ukikazwa kidogo unakata kama unashona halua ya moto. Kwa hiyo waulize mambo mawili: kongosho lilikuwa gumu au laini, na mrija ulikuwa na upana gani. Hayo mawili yatakwambia mengi kuliko "itategemea".

MwanaWaChukwani

Na kabla ya operesheni muulize, kwa heshima, anafanya ngapi kwa mwaka. Marekani 2002 waliwahesabu wazee wa bima ya serikali: hospitali zilizofanya operesheni hizi mara chache mno walikufa asilimia 16, zilizofanya nyingi hawakufika 4.

BintiMicheweni

Hivyo mtu anamuulizaje daktari bila ya kumkosea adabu?

MshonajiWaWete

Muulize kama wateja wangu wanavyoniuliza: "Fundi, kanzu kama hii ushashona?" Fundi mwenye nazo hakasiriki kuulizwa. Anakuonyesha.

MtuWaMkokotoni

Sikutaka kuandika. Kaka yangu alifanyiwa miaka mitatu iliyopita, hospitali siitaji, nchi siitaji. Mambo yalikwenda vizuri, siku ya kumi akawa anatembea korido. Siku ya kumi na moja jioni mpira ukatoa damu, kidogo, kama vijiko viwili. Nikamwambia kijana wa zamu. Akasema ni kawaida, kidonda kinapona. Usiku wa pili yake ikaja yote kwa mara moja. Hatukufika asubuhi.

Namuuliza dada nesi: ile damu ya vijiko viwili ilikuwa inasema kitu?

DadaWodi

Inna lillahi wa inna ilayhi raajiun. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Sitakuficha. Ndiyo, ilikuwa inasema. Maji ya kongosho yakivuja yanaweza kuutafuna mshipa mkubwa uliofungwa wakati wa kukata, na mshipa huo mara nyingi hutoa damu kidogo kwanza, ukanyamaza, kisha ukapasuka. Damu kwenye mpira baada ya siku kadhaa, hata kijiko, ni ya kumwamsha daktari usiku na kupiga CT skani ya mishipa. Wewe uliona na ulisema. Hukukosa kitu.

MtuWaMkokotoni

Ahsante dada. Miaka mitatu nilikuwa najiuliza kama nilitakiwa nipige kelele zaidi.

BintiMicheweni

Allah amrehemu kaka. Nimeandika "damu hata kijiko" kwenye simu yangu.

MshonajiWaWete

Kaka wa Mkokotoni, pole sana. Nilikaa nusu saa kabla ya kuandika tena.

Kwa ami, kongosho halikuvuja. Kilichotutesa ni mshono wa tatu, wa tumbo. Haukuvuja wala haukuziba, tumbo liligoma tu. Siku kumi na mbili kila kinachoingia kinarudi, mpira wa puani hautoki. Tukadhani kashonwa vibaya. Daktari akasema tumbo linalala baada ya kupigwa namna ile, kongosho na nyongo zishaamka, tumbo ndilo la mwisho. Siku ya kumi na tatu akaomba uji mwenyewe.

Tukarudi Pemba tunafurahi, na akaanza kukonda upya. Alikuwa kilo 68 kabla ya kuugua, akafika 51. Anakula, lakini choo kinaelea, kinang'aa mafuta, ukikimwagia maji mara mbili hakiondoki. Mchuzi wa nazi ukiingia, nusu saa mbio chooni. Tukapiga simu, tukaambiwa kipande kilichobaki hakitoi vimeng'enya vya kutosha, anywe vidonge vyake. Na hapo ndipo ulipozuka ugomvi wa nyumbani, kwa sababu mtoto mmoja alisoma kikaratasi cha ndani ya boksi: vinatoka kwenye kongosho la nguruwe.

UstadhiWaChwaka

Nilikuwa nasoma kimya, hapa pamenigusa. Mimi si mufti. Lakini Aya ya 173 ya Suratul Baqara inayoharamisha nguruwe, hiyo hiyo inamtoa mwenye dharura asiyetaka kwa matamanio wala kupita mpaka. Mzee akonde mpaka afe na dawa ipo kabatini, huo ucha Mungu sijauona kwenye kitabu. Aulizwe daktari kama iko mbadala inayofanya kazi hiyo, kisha apelekewe sheikh wake maelezo kamili, asipelekewe nusu.

DadaWodi

Ustadhi umesema. Vinavyotumika hospitalini karibu vyote vinatokana na nguruwe. Nimeona wagonjwa wakivitupa kimya kimya, wanarudi mifupa mitupu, na sisi tunadhani saratani imerudi.

MshonajiWaWete

Sheikh wetu alikuja nyumbani, akamsikiliza daktari kwa simu iliyowekwa sauti, akamwambia ami ameze. Ami akasema atameza lakini asionyeshwe boksi. Basi mke wake anavihamishia kwenye kopo la zamani la hiliki.

Na bado havikufanya kazi wiki nzima! Kumbe alikuwa anavimeza baada ya kula, na chai ya moto juu yake. Vinatakiwa vimezwe na tonge la kwanza, mlo ukiwa mrefu kimoja kiingie katikati, na viteremshwe kwa maji ya baridi, kwani moto unaviua. Havitafunwi. Kopo lisikae dirishani juani. Tangu tulipofahamu hivyo, choo kimezama. Samahanini kwa kusema hivyo, lakini nyumba nzima ilishangilia.

Sasa anakula mara sita, kidogo kidogo. Boflo, samaki wa kuchoma, ndizi, muhogo usio na nazi nyingi. Urojo anauonja kijiko, kisha ananiangalia kama mtoto kama nimemuona. Kilo 57 Jumatatu iliyopita.

BintiMicheweni

Mrejesho. Mama kafanyiwa Jumanne, saa nane kasoro. Nilimuuliza daktari kila kitu kwa mpango. Kongosho laini kiasi, mrija milimita 4, kashona kijitundu kwa kijitundu na safu ya nje. Akaniuliza nani kanifundisha, nikamwambia fundi cherehani. Akacheka, akasema nimletee suruali.

Amilesi ya siku ya tatu ipo juu kidogo, haijafika mara tatu. Mipira inatoa maji meupe, damu hakuna, natizama kila saa mpaka wauguzi wamenichoka.

MwanaWaChukwani

Alhamdulillah! Wakichoka waache wachoke.

BintiMicheweni

Siku ya saba leo. Mpira wa puani wametoa jana. Asubuhi kapewa uji vijiko vitatu. Kimoja kakitapika.

DadaWodi

Viwili vimepita. Kesho jaribuni vinne.